Nowak, jina la watu wa kuja

Poland haina jina la ukoo lenye watu wengi kuliko Nowak. Wenye jina hilo ni takriban 200,000, hasa magharibi na kusini mwa nchi, katika maeneo ya Wielkopolska, Małopolska na Silesia. Linatokana na nowy, yaani -pya: Nowak ni mtu wa kuja.

Jina la namna hii mtu hajipi. Hupewa na waliomtangulia kijijini. Huenda alikuwa mkulima aliyemtoroka bwana aliyemlimisha bila ujira, au fundi aliyehamia mjini, au familia iliyokabidhiwa shamba lililobaki tupu. Mashamba kama hayo yalikuwa mengi. Kati ya 1655 na 1660 majeshi ya Uswidi yaliivamia nchi, vijiji vikawa mahame, na wenye ardhi wakatafuta watu wa kuanza upya.

Makabaila walikuwa na majina yanayoishia na -ski, mengi yakitokana na miji na mashamba waliyomiliki. Ukoo wa Tarnowski ulijiita kwa mji wao wa Tarnów. Mkulima hakuwa na ardhi ya kujiita kwayo. Aliitwa kwa kazi yake, kwa umbo lake, au kwa kule kuja kwake.

Zamani jina la mkulima liliweza kubadilika kutoka baba hadi mwana. Mengi yaliganda baada ya Prussia, Austria na Urusi kuigawana Poland kati ya 1772 na 1795, makarani walipoyaandika kwenye madaftari ya serikali. Ndipo hata vitukuu waliozaliwa papo hapo kijijini wakabaki kuitwa wageni.

Wingi wa jina hilo uliwahi kuwa ngao. Katika Vita Kuu ya Pili, Zdzisław Jeziorański, mjumbe wa jeshi la siri aliyesafiri kati ya Warsaw na London, alitumia jina la Jan Nowak. Hakuliacha tena: kuanzia 1952 aliongoza idhaa ya Kipolandi ya Radio Free Europe, na historia inamjua kama Jan Nowak-Jeziorański.

Wakulima wale hawakuacha hati wala makaburi ya fahari, na kwangu mimi jina hili ni kumbukumbu yao yenye uzito kuliko nembo za makabaila. Tena si la Poland peke yake. Novák ndilo linaloongoza katika Jamhuri ya Czech, na Novak linaongoza Slovenia.