MANAMBA NA PAA LA MWAJIRI

Katika kuichambua historia ya tabaka la wafanyakazi nchini mwetu, wengi huanza na mshahara. Ni sawa, lakini haitoshi. Inatupasa kuuliza pia manamba alilala wapi.

Dakta Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini mwaka 1893; miche 62 tu ndiyo iliyonusurika. Zao hili halina msimu kama pamba au kahawa, kwani jani lake hukatwa mwaka mzima. Kwa nini basi mkataji alifanywa kibarua wa muda? Jibu halimo shambani, limo katika daftari la bepari.

Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakaiendeleza. Mwanamume wa Kigoma au Songea alidaiwa fedha kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Ili azipate ilimbidi aihame, akalale katika kambi ya mtu mwingine. Tangu mwaka 1944 SILABU, chombo cha wenye mashamba, ilimwandikisha kwa mkataba na kumsafirisha. Alijulikana kwa namba, ndiyo asili ya jina manamba.

Ujira ulikadiriwa kana kwamba hana familia. Mke na watoto walikula jasho la jembe lao kijijini, na mkataji alipougua au kuzeeka alirudishwa huko huko. Kwa hiyo kijiji ndicho kilichomlisha mwenye shamba, ingawa wakoloni walipenda kusema kinyume chake.

Kambi ilifuata hesabu hiyo hiyo. Chumba kimoja kiliwatosha wanaume kadhaa, kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kuzeekea humo. Mara nyingi waligawanywa kikabila, jambo lililomfaa mnyapara kuliko mkazi. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi. Asiyemaliza ngwe, siku yake haikuhesabiwa. Na aliyefukuzwa kazi alifukuzwa nyumba. Hapo ndipo tunapouona ujasiri wa wafanyakazi wa Mazinde waliogoma mwaka 1958: waliweka rehani mshahara na paa kwa pamoja.

Wanachuo hunibishia katika jambo hili, lakini lazima lisemwe: kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge mwaka 1967 kulibadili mwenye mali, na manamba wengi waliendelea kulala katika safu zile zile za kambi. Mkata miwa wa msimu wa leo ana chama chake na kura yake. Akilazwa kambini, chumba chake bado kinakwisha siku mkataba unapokwisha.