Diwani, Dogana na Ndoa za Pwani ya Amalfi

Neno diwani tunalo kwa maana mbili. Diwani ni mjumbe wa baraza la mji, na diwani ni kitabu cha mashairi ya mtunzi mmoja au wengi. Sisi tuliofundisha fasihi tumezoea kuwaeleza wanafunzi kwamba maneno haya mawili ni mamoja kwa asili: yalitoka Uajemi, yakapita Uarabuni yakiwa na maana ya daftari na ya ofisi inayotunza daftari hilo, kisha yakatufikia sisi. Jambo tusilolisema mara nyingi ni kwamba wanaye ndugu yao wa tatu huko Italia, naye ni dogana, yaani forodha. Mabaharia wa Italia waliofanya biashara katika bandari za Waarabu walikutana na ofisi yenye daftari la ushuru, wakalichukua jina lake kwao pamoja na bidhaa.

Hakusafiri peke yake. Tariffa ya Kiitalia, yaani orodha ya bei na ushuru, ni jamaa wa taarifa yetu. Magazzino, ghala, limetoka katika shina lile lile lililotupa hazina. Arsenale, mahali pa kuundia merikebu, asili yake ni nyumba ya kazi ya mikono, na ndani yake limo neno tunalolijua kwa jina la sanaa. Mtu akisimama kwenye bandari ya kale ya Italia na Kiswahili chake kinywani, hawi mgeni kamili.

Nimeingia katika habari hizi kwa mlango wa harusi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, afanyaye kazi Ulaya, alitujulisha kwamba yeye na mchumba wake wangefunga ndoa Ravello, juu ya pwani ya Amalfi, mbele ya wageni 24. Katika ukoo wetu 24 ni idadi ya wapishi. Dada yangu hakugomba. Aliuliza swali moja tu: ndoa isiyo na majirani inashuhudiwa na nani? Na kwa kuwa mimi ndimi mjomba, tena mwalimu wa historia mstaafu, swali likaletwa kwangu ili nilijibu kabla ya tiketi kununuliwa.

Swali hilo si la ukoo wetu pekee. Kanisa la Magharibi lilihangaika nalo kwa karne nyingi. Kwa muda mrefu mafundisho yake yalikuwa kwamba kinachofunga ndoa ni ridhaa ya wawili wenyewe. Kwa hiyo mwanamume na mwanamke wangeweza kuahidiana shambani au nyuma ya ukuta, na ndoa ikawa ndoa. Taabu ilianza pale mmoja alipokana. Hapakuwa na shahidi wala maandishi, na mara nyingi aliyeachwa na aibu alikuwa mwanamke. Mtaguso wa Trento, katika kikao cha Novemba 1563, ulitoa amri ijulikanayo kwa neno lake la kwanza la Kilatini, Tametsi. Amri hiyo ilitaka ndoa itangazwe kanisani katika sikukuu tatu mfululizo, ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, na paroko aweke kitabu cha kuandika majina ya wanaooana. Daftari tena, wasomaji wangu.

Alessandro Manzoni aliitumia sheria hii kutengeneza mojawapo ya mikasa mizuri kabisa ya riwaya ya Kiitalia. Katika I promessi sposi, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1827, vijana wawili, Renzo na Lucia, wanazuiwa kuoana kwa vitisho vya bwana mkubwa aliyemtia hofu padri wao, Don Abbondio. Wanapanga hila: waingie kwa padri ghafla na mashahidi wawili, kila mmoja atamke kwamba huyu ni mwenzi wangu, na padri akisikia tu, apende asipende, ndoa imefungwa. Renzo anawahi kusema. Lucia anapofungua kinywa, padri anamrushia kitambaa cha meza kichwani, maneno yakakatika. Nimewafundisha vijana miaka mingi kwamba historia haiko mbali na kicheko, na sijaona mfano bora kuliko huu: amri ya mtaguso mzima inashindwa na kitambaa cha meza.

Baada ya Italia kuungana, Kanuni ya Kiraia ya 1865 iliitwaa ndoa kutoka mikononi mwa paroko na kuikabidhi kwa serikali. Mapatano ya Laterano ya 1929 yaliipa tena ndoa ya kanisani nguvu za kisheria. Mgeni atakaye kuoa Italia leo hukutana na tabaka zote hizi zikiwa zimelaliana kama magamba ya kitunguu. Hutakiwa alete cheti kutoka kwao kiitwacho nulla osta, maana yake hakuna kinachozuia, na sisi tuliokulia karibu na kanisa tunaisikia humo ile sauti ya Jumapili ikiuliza kama yupo mwenye kujua kipingamizi. Hutakiwa mashahidi wawili. Akiwa hajui Kiitalia, hutakiwa mkalimani.

Kifungu nilichokipenda zaidi ni cha 106. Kinasema ndoa ifungwe hadharani, ndani ya nyumba ya halmashauri ya mji. Basi hizo picha tunazotumiwa, za maharusi katika bustani juu ya jabali, bahari ikiwa chini yao, zinapatikanaje? Jibu ni la kiofisi: baraza hupitisha azimio kwamba bustani fulani au ukumbi fulani, kwa shughuli hiyo, uhesabiwe kuwa nyumba ya halmashauri. Yale mawaridi na milimao, kwa macho ya sheria, ni ofisi ya serikali, na madiwani ndio walioigeuza. Nilipomweleza dada yangu hivyo alitulia kidogo. Alikuwa akidhani mwanawe anaolewa porini.

Pwani yenyewe haikuzaliwa na fahari ya wageni. Amalfi ilikuwa dola ya bahari iliyojitawala tangu karne ya 9, yenye wafanyabiashara Misri na Konstantinopoli, na wenyeji wake walijenga nyumba ya kupokea mahujaji Yerusalemu katika karne ya 11. Milango ya shaba ya kanisa lao kuu ilitengenezwa Konstantinopoli. Ndani ya kanisa hilo kuna ua uitwao Chiostro del Paradiso, wa karne ya 13, wenye matao membamba yanayopishana, na mtu wa Zanzibar au Lamu akiyaona atajua mara moja upepo wake ulivumia wapi. Wanormani waliutiisha mji, Wapisa wakaupora mwaka 1135, na mwaka 1343 bahari yenyewe ikainuka kwa tufani na kuibomoa bandari. Baada ya hapo Amalfi ilikaa karibu miaka 500 ikiwa mji wa wavuvi, wa milimao iliyopandwa kwenye matuta, na wa watengeneza karatasi. Barabara ya magari tunayoisikia leo ilikamilika katikati ya karne ya 19 tu. Kabla yake palikuwa na mashua, baghala na ngazi.

Hapo nisimame kidogo kwa ajili ya karatasi, maana ni chombo chetu. Neno letu tulilipokea kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Wayunani. Carta ya Waitalia nayo imetoka kisima hicho hicho cha Kiyunani. Ufundi wenyewe Amalfi iliupata kwa njia ya Waarabu. Mwaka 1231 Mfalme Frederick II, katika sheria zake za Melfi, alikataza hati za serikali zisiandikwe kwenye karatasi kwa kuwa haidumu, ziandikwe kwenye ngozi. Karatasi ya Amalfi haikufa kwa katazo hilo. Inatengenezwa kwa mkono hadi leo, na kazi yake mojawapo ni kadi za mialiko ya harusi. Yangu ninayo, nzito kama kitambaa, kingo zake hazikukatwa, na haijaonyesha dalili ya kumwogopa mfalme.

Wageni walianza kuja kwa ajili ya mandhari. Huko Ravello Mskoti mmoja, Francis Nevile Reid, alilinunua jumba la kale la Villa Rufolo mwaka 1851 na kulifufua bustani yake. Richard Wagner alipoiona Mei 1880 alisema amekipata kile kiunga cha uchawi alichokuwa akikitafuta kwa opera yake Parsifal. Mwaka 1904 Mwingereza Ernest Beckett alinunua Villa Cimbrone. Na katika Villa Cimbrone ndipo ilipotokea harusi mashuhuri kuliko zote za pwani hiyo, nayo ni ile ambayo haikufanyika. Mwaka 1938 Greta Garbo, nyota wa sinema, alikwenda kujificha huko na kiongozi wa okestra Leopold Stokowski. Waandishi na wapigapicha wakalizingira jumba, dunia nzima ikingoja kutangaziwa ndoa. Hawakuoana kamwe. Neno paparazzi lilikuwa bado halijazaliwa. Lingetoka miaka 22 baadaye, katika filamu ya Fellini, La dolce vita. Kazi ilitangulia jina lake, kama itokeavyo mara nyingi katika lugha.

Sasa kamera. Kwa Kiitalia camera ni chumba, basi. Chombo chenyewe wao hukiita macchina fotografica. Chumba kinachokumbukwa ni kile cha giza chenye tundu moja, alichokieleza Ibn al-Haytham katika karne ya 11, na ambacho Giambattista della Porta wa Napoli alikitangaza kwa wasomi wa Ulaya katika kitabu chake cha 1558. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa Februari 1840 na gauni jeupe, ufundi wa Daguerre ulikuwa umetangazwa mwaka uliotangulia tu, na hapakupigwa picha. Ile inayozunguka mitandaoni kama picha ya harusi yake ilipigwa na Roger Fenton mwaka 1854, yeye na mumewe wakiwa katika mavazi ya kasri, wameshakuwa na watoto wanane. Hili ndilo hunifanya nisikubali wasemao kwamba picha ni shahidi. Shahidi anakuwapo, picha inaweza kuja miaka 14 baadaye ikavaa nguo za siku ile.

Hata hivyo nilimheshimu mpigapicha wa mpwa wangu, kwa sababu alipanga siku nzima kwa kuisoma ardhi. Ravello iko mita 350 hivi juu ya bahari na inatazama mashariki na kusini-mashariki, upande wa Minori na Maiori. Atakaye jua lizame majini nyuma ya bibi harusi hatalipata hapo. Jua huzama nyuma ya milima, mgongoni. Saa sita mchana jiwe jeupe na gauni jeupe hupigana kwa mwanga hadi sura ikapotea. Basi ndoa iliwekwa saa kumi na moja jioni, kivuli kimeshashuka bustanini ilhali ng’ambo ya ghuba bado inang’aa. Safari nayo ilipangwa kwa hesabu kama hiyo: barabara ni nyembamba, na tangu 2022 katika siku za msongamano magari ya wageni hupishana kwa namba za shufwa na witiri, kwa hiyo wengi wetu tulifika kwa boti kutoka Salerno na kupanda.

Mezani tuligawiwa lozi tano tano zilizovikwa sukari. Hizo ndizo confetti za Waitalia. Vile vipande vya karatasi vinavyorushwa hewani wao huviita coriandoli, kwa kumbukumbu ya mbegu za giligilani zilizokuwa zikivikwa sukari na kurushwa zamani. Fungate yao ni luna di miele, mwezi mzima wa asali. Yetu ni siku saba, na neno lenyewe linahesabu: Wamijikenda hadi leo saba huiita fungahe.

Lakini jibu la swali la dada yangu nililipata katika kazi ndogo niliyopewa, ya kuwaandalia wazee wasiojua Kiitalia ukurasa mmoja wa Kiswahili. Msajili, akiwa na utepe wa rangi tatu begani, husoma vifungu 143, 144 na 147 vya Kanuni ya Kiraia. Cha kwanza chasema kwamba kwa ndoa mume na mke hupata haki zile zile na wajibu ule ule: uaminifu, kusaidiana kwa hali na mali, kushirikiana kwa manufaa ya nyumba, kuishi pamoja. Maneno hayo ni ya mageuzi ya 1975. Kabla yake sheria ilimfanya mume kichwa cha familia. Hapo sarufi yetu ilinibana. Sisi twasema mume anaoa, mke anaolewa. Mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Siwezi kutamka haki zile zile kwa vitenzi visivyo na haki zile zile. Nikaandika wanaoana, kauli ya kutendana, kila palipohitaji kitenzi. Mzee mmoja alinipigia simu kutoka nyumbani kuuliza kama nimesahau Kiswahili. Dada yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele, ukurasa mkononi, akiufuata kwa kidole. Msajili alipomaliza aliitwa yeye mezani, kwani mpwa wangu alikuwa amemteua mama yake kuwa mmoja wa mashahidi wawili. Akatia saini daftarini.

Kifungu cha 147 bado kinanisumbua. Kuhusu watoto kinataja istruire na educare bega kwa bega, navyo si kitu kimoja. La kwanza nimelifanya kusomesha. La pili nililiandika kulea, kisha nikalifuta nikaweka kuadilisha, kisha nikarudisha kulea kwa sababu boti ilikuwa inaondoka. Mwenye neno bora na aniletee.