Mvunaji na Ugonjwa wa Kisukari

Mahindi tunayoyasaga kwa ugali asili yake ni nchi ya Meksiko. Huko wakulima wameyapanda kwa maelfu ya miaka, pamoja na maharagwe na maboga katika konde moja. Huyachemsha kwa maji ya chokaa, wakayasaga, kisha wakafanya mikate myembamba iitwayo tortilla. Chakula hicho kiliwalea vizazi vingi. Imekuwaje, basi, taifa lililowapa walimwengu mahindi likawa miongoni mwa yale yanayoteswa sana na kisukari? Sehemu ya jawabu imo katika historia ya vibarua wa mashamba.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipungukiwa na watu wa kuvuna. Mwezi wa Agosti serikali mbili hizo zilipatana kwamba wanaume wa Meksiko wavuke mpaka kwa mikataba ya muda mfupi. Waliitwa bracero, maana yake mtu afanyaye kazi kwa mikono. Mpango huo ulidumu hata mwisho wa 1964, na mikataba ipatayo milioni 4.6 ilitiwa sahihi. Huko California walipalilia letasi kwa jembe la mpini mfupi, migongo imepinda kutwa. Jembe hilo halikupigwa marufuku huko mpaka mwaka 1975.

Mpango ulikwisha, lakini safari hazikukoma. Wengi walivuka bila hati. Mtu wa namna hiyo hurudi jioni amechoka, jiko analitumia pamoja na wenzake wengi, na duka la karibu huuza zaidi mikate myeupe, vitu vya kukaanga na soda. Letasi aliyoivuna imekwisha kwenda kwenye meza za wengine.

Msomaji atauliza: je, kazi ngumu haimkingi mtu? Humsaidia kweli, lakini haitoshi. Katika kisukari cha kawaida cha watu wazima, mwili hauitii sawasawa insulini itokayo katika kongosho, na sukari hubaki damuni, ikiharibu macho, figo na mishipa ya miguu kidogo kidogo. Urithi wa ukoo una sehemu yake, na chakula kina yake. Dawa nayo ina masharti. Insulini, iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921, huharibika kwenye joto kali. Mgonjwa anayehama kufuata mavuno ataiweka wapi? Mwaka 1962 Marekani ilipitisha sheria ya kusaidia zahanati za vibarua wahamaji, na zimewafaa wengi. Hata hivyo wako wasiokwenda, kwa kuchelea kupoteza ujira wa siku au kukamatwa.

Na nyumbani je? Fedha zilizotumwa zilijenga nyumba na kusomesha watoto, na hilo ni jambo jema. Lakini vijana walipungua vijijini, konde nyingine zikaachwa, na chakula cha dukani kikashika nafasi ya cha shambani. Mwaka 1994 ulianza mkataba wa biashara wa Kanada, Marekani na Meksiko. Mahindi rahisi ya Marekani yakaingia kwa wingi, na wakulima wadogo walioshindwa kushindana nayo wakashika njia ile ile ya kaskazini. Soda ikawa kinywaji cha kila siku hata milimani. Mwaka 2014 serikali ya Meksiko iliitoza kodi ya peso moja kwa lita, na Novemba 2016 ilitangaza kisukari kuwa jambo la dharura.

Wahenga husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvunaji huyu aliinama miaka mingi, na alichokipata si kile alichokitafuta. Tusiharakishe, basi, kumwambia mgonjwa kwamba amejiletea mwenyewe kwa ulafi. Kwanza tumuulize alifanya kazi wapi, alilipwa nini, na mwisho wa siku kulikuwa na chakula gani mbele yake.