Gari la Nani? Ruzuku za Kubadilisha Magari Zikitazamwa kutoka Bisie

Serikali inapomlipa raia ili aachane na gari lake kuukuu na kununua jipya, je, imwachie achague gari lolote, au imbane anunue lililotoka katika viwanda vya nyumbani? Swali hili limejadiliwa zaidi Washington, Berlin, Tokyo na Beijing, miji ya mataifa yenye viwanda hivyo. Hapa litajadiliwa kwa kuanzia Bisie, kilima kilicho ndani ya msitu wa Walikale, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Bisie haiundi hata baiskeli, lakini mgodi wake hutoa takriban asilimia 6 ya bati inayochimbwa duniani kote. Karibu nusu ya bati ya dunia hutumika kulehemu saketi za vifaa vya elektroniki, na gari la leo limejaa saketi hizo kuanzia breki hadi redio. Kwa hiyo watu wa Walikale wamo ndani ya mjadala huu, ingawa hakuna aliyewaalika.

Msimamo wa makala haya ni kwamba serikali ina haki ya kupendelea, mradi inachopendelea kiwe ni kazi iliyofanyika mahali panapojulikana. Inapopendelea jina la kampuni, au uraia wa wenye hisa, fedha ya walipakodi hugeuka zawadi kwa watu wachache. Kongo yenyewe imeshaingia katika kosa hilo la pili, kama tutakavyoona.

Tuanze na Marekani mwaka 2009. General Motors ilikuwa imefilisika mwezi Juni, na serikali ya Obama ikawa mmiliki wa zaidi ya asilimia 60 ya hisa zake. Kama kuna serikali iliyowahi kuwa na sababu ya kupendelea mtengenezaji wa nyumbani, ni ile. Hata hivyo mpango wake wa kubadilisha magari, ulioanza Julai mwaka huo, ulimpa mnunuzi dola 3,500 au 4,500 bila kujali gari jipya lilitoka wapi, ilimradi lilitumia mafuta kidogo kuliko la zamani. Dola bilioni moja za mwanzo zilikwisha kwa muda wa siku chache, Bunge likaongeza bilioni mbili, na mwisho wa Agosti karibu magari 680,000 yalikuwa yamebadilishwa. Toyota ndiyo iliyouza mengi zaidi. Wapo waliopiga kelele kwamba kodi ya Mmarekani inamnufaisha Mjapani.

Kelele hizo hazikuangalia magari yenyewe. Corolla, mojawapo ya magari yaliyopendwa sana katika mpango ule, ilikuwa ikiundwa pia Fremont, California, katika kiwanda cha ubia wa Toyota na General Motors chenye wafanyakazi walio wanachama wa chama cha wafanyakazi cha UAW. Ford Fusion, yenye jina la Kimarekani lisilotiliwa shaka, ilikuwa ikiunganishwa Hermosillo, Meksiko. Lipi kati ya hayo mawili lingehesabiwa kuwa la nyumbani? Anayefuata nembo atajibu Ford. Fundi wa Fremont angejibu vingine, na yeye ndiye ambaye ruzuku ilidai kumlinda.

Wengine walijaribu kupendelea kwa njia za pembeni. Japani, katika mpango wake wa mwaka huohuo wa 2009, iliweka masharti ya vibali ambayo yaliyaacha nje magari mengi ya Marekani, ikalegeza Januari 2010 baada ya kushinikizwa. Ujerumani ilitoa euro 2,500 kwa kila gari lenye umri wa miaka 9 au zaidi lililopelekwa kuvunjwa, ikamaliza euro bilioni 5, na haikuwabagua wageni. Kampuni za magari madogo na ya bei nafuu, kama Dacia ya Romania, zilivuna vizuri. Ufaransa, tangu mwishoni mwa 2023, inatoa ruzuku ya magari ya umeme kwa kupima kaboni iliyotolewa wakati wa kuyaunda na kuyasafirisha, kipimo ambacho kimeyatupa nje magari mengi yaliyoundwa China. Cha kuchekesha ni kwamba kimeitupa pia Dacia Spring, gari la kampuni iliyo mikononi mwa Renault, kwa sababu linaundwa China. Mbinu hiyo ya Ufaransa, pamoja na ujanja wake, ndiyo ninayoiona kuwa na mantiki kuliko zote: inauliza gari lilifanyiwa kazi wapi na kwa namna gani.

Mchumi atauliza kama ruzuku hizi zina maana yoyote hata kabla ya kugombania uraia wake. Wachumi Atif Mian na Amir Sufi walionyesha kwamba magari yaliyonunuliwa Marekani kwa sababu ya ruzuku ya 2009 yangenunuliwa tu miezi michache baadaye. Kufikia Machi 2010 karibu ongezeko lote la mauzo lilikuwa limefutika. Ushahidi huo ni mzito, nami naukubali. Lakini unaiimarisha hoja ya kazi. Ikiwa ruzuku haiongezi idadi ya magari, basi jambo la maana linalobaki ni kuuliza inaimarisha ujuzi gani, katika mji gani, na ujuzi huo utadumu baada ya fedha kwisha au la.

Sasa turudi Walikale. Kasiterite, yaani mawe yenye bati, ilianza kuchimbwa kwa mikono Bisie mwaka 2002. Kwa miaka kadhaa wanajeshi wa Brigedi ya 85 ya jeshi la Kongo walitoza kodi ya mabavu huko, huku ndege ndogo zikitua barabarani Kilambo kubeba mizigo kwenda Goma. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo katika soko la hisa, zikiwemo Ford na General Motors, kueleza kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au kwa jirani zake. Kivu nzima inaiita Sheria ya Obama. Septemba mwaka huo Rais Kabila wa Kongo akasimamisha uchimbaji Kivu na Maniema hadi Machi 2011, na wachimbaji wa mikono wakapoteza riziki kwa uamuzi ambao hawakushiriki kuufanya. Leo mgodi mkubwa wa viwanda uko chini ya kampuni ya Alphamin, ambayo mwaka 2024 ilizalisha tani 17,324 za bati. Waasi wa M23 walipokaribia Machi 2025 kazi ilisimama, bei ya bati ikapanda London, na uzalishaji ukaanza tena Aprili wapiganaji walipoondoka Walikale.

Tazama basi mkanganyiko uliopo. Sheria moja ya Marekani inafuatilia bati hadi shimoni, ikitaka kujua nani alishika bunduki pale. Nyingine, ya ruzuku, kwa upande wa bati iliishia mlangoni pa kiwanda cha kuunganisha. Sheria ya Agosti 2022 iliyotoa hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme ilitaka gari liunganishwe Amerika Kaskazini, na sehemu ya madini ya betri ichimbwe au isafishwe Marekani au katika nchi yenye mkataba wa biashara huria nayo. Kongo haina mkataba huo. Kobalti yake ingeweza kuhesabiwa iwapo tu ingesafishwa Marekani kwenyewe au kwa mwingine aliye nao. Bati ya kulehemu haikuwa hata na mahali katika hesabu ya betri. Mchimbaji anahesabiwa katika lawama na kuachwa katika faida. Ruzuku hiyo ilifutwa Septemba 30, 2025, lakini mtindo wake utarudi kwa jina jingine, kwa sababu wanasiasa wa kila nchi yenye viwanda wanaupenda.

Kinshasa ingeweza kulalamika kwa sauti kubwa zaidi kama sheria zake zingekuwa safi. Sheria ya Februari 8, 2017 inahifadhi kazi za ukandarasi mdogo, migodini na kwingineko, kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongo. Nia ni njema. Lakini kigezo ni hisa, na hisa ni karatasi. Mtu mwenye jina zuri na anwani Gombe, jijini Kinshasa, anaweza kusajili kampuni na kuchukua kandarasi, halafu kazi ikafanywa na mgeni yuleyule wa jana. Mamlaka inayosimamia sheria hiyo imejikuta ikipambana na hawa wanaoazima majina. Kijana wa Njingala, Walikale, anayejua kuendesha lori au kutengeneza pampu hapati chochote cha ziada kwa sababu mwenye hisa ni Mkongo wa Kinshasa. Ni ugomvi uleule wa Corolla na Fusion, ila huku kwetu umevaa suti.

Kuna upande mwingine ambao watetezi wa ruzuku hawapendi kuutaja: gari kuukuu linakwenda wapi? Marekani iliamuru injini zimwagiwe silikati ya sodiamu hadi zigande, ili zisirudi barabarani. Ujerumani haikuwa makini hivyo, na chama cha wapelelezi wa polisi kikaonya kwamba maelfu ya magari yaliyolipiwa ruzuku ili yavunjwe yalisafirishwa Afrika na Ulaya Mashariki. Magari ya mitumba ndiyo yanayobeba Kivu, kuanzia Land Cruiser hadi lori za Fuso zinazozama kwenye tope baada ya Masisi. Ruzuku inayohesabu moshi uliopungua Hamburg bila kuhesabu moshi uliohamia kwingine ni hesabu ya upande mmoja.

Kongo ifanye nini? Wengi watasema ipige marufuku kusafirisha makinikia ya bati, kama Tanzania ilivyozuia makinikia ya dhahabu na shaba Machi 2017. Sikubaliani. Kuyeyusha bati kunataka umeme wa uhakika, na Bisie huendeshwa kwa jenereta za dizeli. Kituo cha umeme cha Matebe cha Rutshuru, chenye megawati 13 na ushee, kiko katika eneo lililoshikwa na M23. Tanuru la kuyeyusha bati lipo Kigali tayari, na kwa sasa, kwa sababu ya vita hivyo vya M23, mtu wa Goma hawezi kulitaja bila kukunja uso. Wakati huohuo Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Kenya, mwanachama mwenzake, inawalinda waunganishaji wake wa Mombasa na Thika kwa unafuu wa kodi na kwa kuzuia mitumba yenye zaidi ya miaka 8. Mazungumzo yajayo ya madini, iwe na Washington au Brussels, yadai sharti moja linaloeleweka: kila hatua ya kazi juu ya bati inayofanyika ndani ya Jumuiya, kuanzia kusafisha hadi kuyeyusha, ihesabiwe katika ruzuku ya gari kama inavyohesabiwa ile ya Michigan au Bavaria. Sharti hilo litainufaisha Kigali kabla ya Walikale, na wabunge wa Kivu watalipinga kwa sababu hiyo. Hapo ndipo mjadala wetu wenyewe unapopaswa kuanzia.