Kofia Iliyochelewa Msituni

Mkata miti wa shoka alikuwa na mlinzi asiyemgharimu kitu: sikio lake. Katika vijiji vya Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, Tanzania, ambako vizazi kwa vizazi watu wamekata miti kwa ajili ya nyumba, kuni na mbao, mwenye shoka alipiga, akatua, akasikiliza. Nyuzi za mti zikianza kukatika, mti hulia. Mlio huo ndio uliomwambia kwamba sasa aondoke, na kwa upande gani.

Msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi wanauita chenso tu, ulimnyang'anya mlinzi huyo. Kofia ngumu, wavu wa uso na viziba masikio viliunganishwa kufidia kile ambacho injini ilichukua, na fidia yenyewe ilikuja kwa kuchelewa mno, tena haikuanzia msituni.

Msituni mashine ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1926 Andreas Stihl wa Stuttgart, Ujerumani, alitoa msumeno wa mnyororo unaotumia umeme. Mwaka uliofuata Emil Lerp akapandisha wake wa petroli kwenye mlima Dolmar, huko Thuringia, akaujaribu, na jina la mlima likawa jina la bidhaa. Mashine hizo zilishikwa na watu wawili. Ile ya petroli aliyoitoa Stihl mwaka 1929 ilikuwa na uzito wa kilo 46. Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, mkata miti Joseph Cox alimwona buu wa mbawakavu akitafuna kisiki, mara kushoto, mara kulia. Akatengeneza mnyororo wenye meno yanayokata kwa namna hiyo, na minyororo mingi inayouzwa leo inafuata mfano wake. Mwaka 1950 Stihl akatoa msumeno wa petroli wa mtu mmoja.

Hapo ndipo hatari ilipobadilika sura. Mashine ya watu wawili ilikuwa nzito, lakini mmoja aliweza kutazama juu huku mwenzake akitazama chini. Mtu wa peke yake huinama, uso karibu na upanga wa msumeno, masikio karibu na injini, na kilele cha mti hakioni wala hakisikii.

Kofia ngumu yenyewe ilitoka machimboni. Edward Bullard wa San Francisco, ambaye familia yake iliwauzia wachimbaji vifaa, alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na kofia ya chuma ya askari. Mwaka 1919 kampuni yao ikaanza kuuza kofia za wachimbaji zilizotengenezwa kwa turubai lililopikwa kwa mvuke, likapakwa gundi na rangi nyeusi. Ujenzi wa daraja la Golden Gate mjini humo ulipoanza mwaka 1933, mhandisi mkuu Joseph Strauss aliamuru wafanyakazi wavae kofia ngumu. Msomaji wa Iramba apime miaka hiyo kwa machimbo ya Sekenke, yaliyomo humo humo Iramba. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1909, miaka 10 kabla ya kofia ya Bullard kuingia sokoni. Aliyeshuka shimoni siku zile alishuka na kichwa chake tu, na kilichodondoka kilimkuta hivyo.

Habari ya masikio ni ya zamani zaidi, na kwangu ndiyo inayouma zaidi. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow, Uskoti, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mafundi wa kutengeneza matangi ya mvuke, watu walioingia ndani ya chuma huku wenzao wakigonga ribiti kwa nje. Aliwapima mafundi 100. Hakumpata hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Kwa hiyo wakati Stihl anauza msumeno wake wa kwanza, madaktari walikwisha kujua kwa miaka 40 kwamba kelele za kazini huua masikio. Ujuzi ulikuwepo, ila haukuwekwa kwenye boksi pamoja na mashine.

Skandinavia ndiko misumeno ilikoingia kwa wingi mikononi mwa wakulima na vibarua wa misitu baada ya Vita Kuu ya Pili. Husqvarna ya Sweden, iliyoanza mwaka 1689 kwa kutengeneza bunduki, ilitoa msumeno wake wa kwanza mwaka 1959. Wataalamu wa kazi za misitu wakaanza kuhesabu waliopoteza usikivu na waliojeruhiwa na matawi, na hatimaye vitu vitatu vikafungwa pamoja: kofia juu, vikombe vya masikio pembeni, wavu mbele ya uso. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaongezwa breki ya mnyororo kwenye msumeno wenyewe.

Kwetu, kwa muda mrefu mbao zilitoka kwenye msumeno wa shimo. Gogo hulazwa juu ya shimo, mpasuaji mmoja husimama juu na mwingine chini, na wa chini ndiye anayemwagikiwa unga wa mbao machoni tangu asubuhi. Kinga yake ilikuwa kitambaa na kufumba macho kwa wakati. Elimu rasmi ilikuwepo: Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kilianzishwa mwaka 1937, masomo ya misitu ya chuo kikuu yakaanza Morogoro mwaka 1973, na Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi kikafuata mwaka 1975. Lakini Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 ilitazama zaidi viwanda, na mtu aliyeangusha mti porini hakuwa kiwandani. Ilibidi kusubiri Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndipo mwajiri popote alipo akabanwa ampe mfanyakazi wake vifaa vya kinga.

Mkataji wa Ulemo anayetaka kununua ataikuta kwanza kofia ya mjenzi, ile ya njano iliyo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni bora kuliko kichwa kitupu, lakini haina wavu wala masikio. Kofia ya msumeno isiyo na vikombe vya masikio ni kazi nusu. Injini ikiwa kwenye mafuta yote, kelele inayomfikia mkataji hupita desibeli 100, na mara nyingi hukaribia 110. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 100 zimebaki dakika 15. Kwenye 109 hazifiki dakika 2. Spika ndogo za simu za kusikilizia muziki si kinga. Zinaongeza kelele juu ya kelele.

Wapo wanaokataa vikombe kwa hoja nzito: "Nikiziba masikio, nitasikiaje mti ukilia?" Jibu ni kwamba injini ikinguruma, mlio huo hausikiki hata kwa masikio wazi. Kinachofaa ni kutazama kilele, kuandaa njia mbili za kukimbilia kabla ya kuwasha, na kumweka kila asiyekata umbali wa urefu wa miti miwili.

Shika kofia mkononi, uigeuze. Ndani ya ukingo kuna alama ndogo ya duara kama saa, mshale umeelekea kwenye mwezi na mwaka katikati: hiyo ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Plastiki huchakazwa na jua, na jua la Singida halina huruma, kwa hiyo kofia iliyoning'inia dukani au juu ya trekta miaka mingi inaweza kuwa imekufa huku ikiwa bado inang'aa. Ibane kwa viganja. Ikilia au ukiona nyufa kama nywele, iache. Ikishapigwa na tawi zito, ibadilishwe hata kama haina alama. Na isibebeshwe isichoweza: katika kipimo cha Ulaya kofia hupigwa na uzito wa kilo 5 kutoka urefu wa mita 1. Tawi kubwa la mgunga ni habari nyingine.

Wavu wa chuma haushiki ukungu wa jasho kama kioo, lakini unga hupenya, hivyo miwani ivaliwe chini yake. Wavu hauuzuii mnyororo ncha ya upanga ikigusa mti na msumeno ukarukia usoni. Hiyo ni kazi ya breki na mikono miwili. Vikombe navyo vikandamize ngozi pande zote. Nywele, kofia ya kitambaa au mkono wa miwani ukiingia katikati, kelele hupita hapo.

Sheria ya 2003 inambana mwajiri, lakini anayekodi msumeno kwa siku na kulipwa kwa mti hana mwajiri wa kumdai. Mwenye msumeno anaweza kulimaliza hili leo bila kusubiri mkaguzi: akodishe msumeno na kofia kwa bei moja, na asiyetaka kofia asipewe msumeno.