Faulo ya Hasira na Kanuni Zilizoifunga Breki

Mchezaji amedankiwa mbele ya umati. Mpira unaofuata hautazami tena: anamsubiri yule yule aliyemuaibisha, akiruka anamchapa kiwiko cha mbavu. Hiyo ni faulo ya hasira, na umri wake ni sawa na wa mpira wa kikapu wenyewe.

James Naismith alipobuni mchezo huu Springfield, Marekani, Desemba 1891, aliuandikia kanuni 13. Ya tano ilikataza kupiga kikumbo, kushika, kusukuma, kutega na kupiga. Aliyerudia kosa alikaa nje hadi goli lijalo. Aliyedhihirika kukusudia kuumiza alitolewa mchezo mzima, na timu yake haikuruhusiwa kuingiza mwingine.

Hata hivyo, ubabe haukuisha. Detroit Pistons walitwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 1989 na 1990 huku wakiogopwa kwa rafu zao. Msimu wa 1990–91 ligi ikaweka ngazi mbili za faulo mbaya. Ya pili humtoa mchezaji papo hapo.

Uchokozi nao ulidhibitiwa. Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyezima mitupo 3,289 katika NBA, alizoea kumtikisia kidole aliyemzuia, kumwambia hapa hupiti. Ligi ilipopiga marufuku kuwakebehi wapinzani, Mutombo aliligeuzia jukwaa kidole chake.

Watanzania tuna mfano wetu wa aliyeaibishwa asilipe kisasi. Februari 16, 2009, Hasheem Thabeet wa Chuo Kikuu cha Connecticut, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alinasana mkono na DeJuan Blair wa Pittsburgh wakigombea ribaundi. Blair, mfupi kwake kwa kiasi kikubwa, akampindua juu ya bega hadi sakafuni. Alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, na Connecticut, wakiwa namba moja kwa ubora, wakalala 76–68. Picha zilizunguka kila mahali. Thabeet aliijibu fedheha hiyo kwa kazi: mwisho wa msimu yeye na Blair waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao, timu yake ikafika nusu fainali ya taifa, na Juni akachaguliwa wa pili kuingia NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Leo kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinazotumika pia Tanzania, humpa aliyechezewa faulo isiyo ya kiungwana mitupo huru, kwa kawaida miwili, kisha timu yake hurudishiwa mpira. Ukicheza faulo mbili kama hizo, unatoka. Kisasi cha sekunde moja huigharimu timu nzima.

Somo hilo linafaa pia Mtwara, iliyokuwa mwenyeji wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwaka 2021, na vipaji vya mkoa huu havianzii mjini tu. Kijana wa Kilambo, mpakani kando ya Ruvuma, anastahili kufundishwa mapema kwamba kudankiwa si kuvunjiwa heshima. Aliyezuia danki ipo siku atadankiwa. Asiyedankiwa kamwe ni yule asiyethubutu kuruka kuzuia.