Madarasa Mawili: Historia Fupi ya Masomo ya Ustawi wa Jamii



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, vikundi vyetu hugeuka kuwa baraza la kuchagua njia. Mmoja anataka udaktari, mwingine sheria, mwingine mambo ya madini. Lakini akitokea binti au kijana anayesema kwamba anakwenda kusomea ustawi wa jamii, awe yule ambaye watu wa miji yetu humwita asistanti sosiali, wako wanaotabasamu. Huuliza: kwani kumsaidia maskini kunahitaji shahada? Mama zetu wa parokia huwatembelea wagonjwa na wajane, nao hawakupita katika chuo chochote.

Swali hilo ni la haki, tena ni la zamani. Tumeona vema kulitazama kwa njia ya historia, maana historia ya masomo haya inatuonyesha jambo ambalo matangazo ya vyuo hayalitaji: kwamba elimu ileile ya kumhudumia mnyonge inaweza kumwinua, na inaweza pia kuwa fimbo ya kumchapia.

Mwishoni mwa karne ya 19, miji ya viwanda ya Ulaya na Marekani ilijaa watu waliotoka mashambani. Vyama vya hisani vilikuwa vingi, na vingi kati yake vilizaliwa makanisani. Moyo haukupungua, kilichopungua ni mpango. Familia moja iliweza kupata mkate kutoka vyama vitatu, huku jirani yake akilala njaa. Ndipo mwaka 1898 mjini New York ikafunguliwa kozi ya wiki 6 ya kuwafundisha wahudumu wa maskini. Mwaka uliofuata, 1899, mji wa Amsterdam ukapata shule kamili ya kazi hiyo, na mwaka 1908 Alice Salomon akafungua shule ya wanawake mjini Berlin. Mwaka 1917 Mary Richmond, mwanamke wa Marekani ambaye mwenyewe hakuwahi kusoma chuo kikuu, alitoa kitabu kikubwa kuhusu namna ya kuchunguza shida ya mtu kabla ya kuitafutia dawa. Fundisho lake tunaweza kulisema hivi: huruma isiyouliza maswali humsaidia mtoaji kuliko mpokeaji. Mhudumu asikilize, atembelee nyumba, awaulize jamaa na mwalimu na mwajiri, ndipo aamue.

Basi jibu la kwanza tumelipata. Moyo wa mama zetu ni msingi, lakini msingi si nyumba. Yuko mtoto anayeteswa nyumbani, yuko mgonjwa wa akili aliyefungiwa chumbani, iko familia inayogombea urithi baada ya baba kufariki. Hao wanahitaji mtu anayejua sheria, anayeijua nafsi ya binadamu, na anayejua kutunza siri.

Hata hivyo, kujua namna ya kusaidia ni jambo moja. Kujua ni nani anayestahili kusaidiwa ni jambo jingine. Hapo tunawaalika twende Afrika Kusini, tuyatazame madarasa mawili.

Darasa la kwanza lilikuwa katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 nchi ile ilikuwa na Wazungu wengi waliopoteza mashamba na kuangukia umaskini mkali. Mwaka 1932 tume iliyogharamiwa na shirika la Carnegie la Marekani ilitoa taarifa ya vitabu 5 kuhusu hali yao. Chuoni Stellenbosch, profesa wa sosholojia na kazi ya jamii alikuwa kijana mwenye akili kali, na mwaka 1934, katika mkutano mkubwa uliofanyika Kimberley kuhusu Wazungu maskini, alikuwa mmoja wa waliouongoza. Alihimiza kwamba umaskini uchunguzwe kwa elimu, wahudumu wasomeshwe chuoni, na serikali ibebe wajibu wake. Mwaka 1937 serikali ikaunda idara ya ustawi wa jamii.

Mpaka hapo, nani asingempongeza? Lakini profesa huyo aliitwa Hendrik Verwoerd. Katika hesabu yake, maskini wa kuokolewa alikuwa Mzungu. Mwafrika alionekana kama mshindani wa kazi, anayepaswa kungoja. Mwaka 1950 akawa waziri wa mambo ya wenyeji, na mwaka 1953 serikali yake ikapitisha sheria ya elimu ya Wabantu, iliyokusudia kumfundisha mtoto Mwafrika kiasi tu cha kutumika. Mwaka 1958 akawa waziri mkuu, na dunia ikamjua kuwa mjenzi wa ubaguzi wa rangi. Elimu hakuikosa. Alikosa kumwona jirani kuwa mtu.

Darasa la pili lilifunguliwa mwaka 1941 mjini Johannesburg. Mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani, Ray Phillips, alianzisha shule ya kuwasomesha Waafrika kazi ya jamii, ikapewa jina la waziri Jan Hofmeyr. Masomo yalichukua miaka 3, na mwishoni mwanafunzi alipata diploma. Kwa wengi wao mlango wa shahada ulikuwa mwembamba. Walisoma juu ya familia, afya, vijana na burudani, kisha wakatumwa mitaani na vijijini kufanya mazoezi. Wanafunzi hao walipotoka darasani walilazimika kubeba pasi mfukoni kama wale waliowahudumia. Mgonjwa na mganga walikuwa na jeraha moja.

Tazameni walivyokuwa. Joshua Nkomo, kutoka nchi inayoitwa leo Zimbabwe, alirudi kwao mwaka 1947 na kuajiriwa na shirika la reli mjini Bulawayo, akishughulikia maisha ya wafanyakazi Waafrika. Huku akifanya kazi alisoma kwa njia ya posta, na mwaka 1951 akapata shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Lakini kadiri alivyosikiliza shida za nyumba kwa nyumba, ndivyo alivyoona kwamba nyingi zilitoka mahali pamoja: mshahara mdogo na sheria ya ubaguzi. Akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, kisha wa siasa za ukombozi.

Eduardo Mondlane wa Msumbiji aliingia shule hiyo mwaka 1948, kisha akaendelea katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Serikali mpya ya ubaguzi ikamfukuza nchini kabla hajamaliza. Hakukata tamaa, alipitia Lisbon, akapata shahada yake ya kwanza Marekani mwaka 1953. Mwaka 1962, mjini Dar es Salaam, alichaguliwa kuongoza FRELIMO, na katika mji huohuo aliuawa tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu.

Ellen Kuzwayo alikuwa mwalimu aliyekaribia miaka 40 alipoanza masomo hayo mwaka 1953, kwa maana hakutaka kufundisha chini ya elimu ya Wabantu. Alihudumu miaka mingi kati ya wanawake na vijana, akafungwa miezi 5 bila hukumu baada ya machafuko ya Soweto, na mwaka 1994 akaingia bungeni akiwa bibi kizee.

Aliyesoma naye alikuwa Winnie Madikizela, aliyekuja baadaye kuwa mke wa Nelson Mandela. Alipohitimu mwaka 1955 alipewa nafasi ya kwenda kusoma Marekani, akaiacha ili awe mhudumu wa jamii wa kwanza Mwafrika katika hospitali ya Baragwanath. Kule, alipochunguza vifo vya watoto wachanga katika mtaa wa Alexandra, alianza kuuliza sababu zake. Na tusifiche yaliyofuata: miaka mingi baadaye, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilimwona ana hatia ya kimaadili kwa ukatili uliotendwa na kundi la vijana waliomzunguka. Diploma haimlindi mtu na nafsi yake. Hata aliyeanza kwa kuwalilia watoto wa wengine anahitaji kujichunguza kila siku.

Shule ile haikudumu. Ilipofika miaka ya 1960 ubaguzi ulikuwa umekwisha kuifunga. Lakini somo lake limebaki.

Nasi hapa Kongo tunayo kumbukumbu yetu. Wakati wa Wabelgiji, katika miji yetu palikuwa na nyumba zilizoitwa foyer social, ambamo bibi zetu walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Wengi walifaidika, na wako wanaozikumbuka kwa furaha. Lakini mfundishaji ndiye aliyeamua nyumba njema ni ipi, mama hakuulizwa. Alisaidiwa, ila hakusikilizwa.

Kwa hiyo, kijana mwenzetu unayekwenda kusomea licence ya ustawi wa jamii, utakaa chuoni miaka 3 kwa mpango mpya wa LMD. Utafundishwa saikolojia, sosholojia, sheria na utafiti, na utatumwa hospitalini, gerezani au kambi ya wakimbizi wa vita kwa mazoezi. Wengine watakuambia kwamba faida yake ni kuajiriwa na mashirika yenye magari meupe. Kupata mshahara si dhambi; anayehudumia naye anakula. Ila usisahau kwamba mtu aliyekimbia kijiji chake si jina la kujaza kwenye karatasi. Kabla ya kumpa turubai, muulize alikuwa nani kabla ya vita. Akikujibu kwamba alikuwa mwalimu, au fundi, au mkulima wa mihogo, umekwisha kupata mwanzo wa msaada wenyewe.

Na kila utakapoandika taarifa yako, kumbuka madarasa yale mawili. Vitabu vyao havikutofautiana sana.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Katika mtaa wetu, ni nani tunayemsaidia bila kumsikiliza?
2. Je, kuna watu ambao, kama yule profesa, tunawaacha nje ya hesabu yetu kwa sababu ya kabila, mkoa au lugha yao?
3. Ni shida gani ya familia moja tunayoijua ambayo chanzo chake ni cha watu wote?